Shajara ya Mradi: Kebo za Kubadilishana kwa Mashine za Useremala

11 Januari: Lengo na orodha ya mashine

Mradi huu unalenga kuondoa kebo za kudumu kwenye mashine za mkono za useremala na kuweka mahali pake kebo chache zinazochomekwa kwenye mashine yoyote inayotumika wakati huo. Kebo ya kudumu hufa shingoni, pale inapoingia kwenye mpini, na ikishakufa mashine nzima inakaa kando kwa sababu ya waya. Kabatini nako kebo hula nafasi kuliko mashine zenyewe. Hata hivyo, lililonisukuma zaidi ni usalama wa kubadilisha visu: mtu anayebadilisha kisu cha ruta, mashine ya kuchonga mifereji na kingo za mbao, huku plagi iko ukutani nyuma ya rundo la mbao hana njia ya kuona kama umeme umekatwa, ilhali kebo inayochomolewa kwenye mashine yenyewe huonekana imechomolewa, iko pale pale mbele ya macho.

Kabla ya kununua chochote nilinakili kutoka kwenye kibao cha kila mashine wati zake na alama yake ya kinga. Mashine ya msasa ni ya wati 350, jigso wati 700, ruta wati 1,400 na msumeno wa mviringo wati 1,600. Zote nne zina alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine, maana yake ni kwamba zina kinga maradufu na kebo zake ni za nyaya mbili tu, bila waya wa ardhi. Mashine ya tano, ya kunolea patasi, ina mwili wa chuma na inahitaji waya wa ardhi. Hiyo ya tano ndiyo iliyoongoza karibu kila uamuzi uliofuata.

18 Januari: Kuchagua kebo

Kwa umeme wa volti 230, msumeno wa wati 1,600 huvuta takriban ampea 7. Kanuni za usalama wa vifaa vya umeme huruhusu waya wa milimita za mraba 0.75 hadi ampea 6, wa 1.0 hadi ampea 10, na wa 1.5 hadi ampea 16. Kwa hiyo 1.0 ingetosha kwa karatasi. Nilichagua 1.5 kwa kebo zote kwa sababu kebo ya kubadilishana haina mashine yake: leo iko kwenye msasa, kesho iko kwenye msumeno, na keshokutwa mtu ataiunga kwenye ekstensheni ndefu. Kebo dhaifu kuliko zote ndiyo inayoweka mpaka wa mfumo mzima, kwa kuwa hakuna anayesimama kusoma maandishi ya kebo kabla ya kuichomeka.

Hesabu ya kushuka kwa volti inaonyesha jambo lilelile. Kebo ya mita 5 ikiungwa na ekstensheni ya mita 20, zote za milimita za mraba 1.0, ukinzani wa kwenda na kurudi ni karibu omu 0.88, na msumeno huo unapoteza takriban volti 6, yaani chini ya asilimia 3. Zikiwa za 1.5, zinapotea volti 4. Anayetumia umeme wa volti 120 asinakili namba zangu: kwake msumeno uleule unavuta zaidi ya ampea 13, na kwa kebo hizo za 1.0 karibu asilimia 10 ya volti inaishia njiani, mota inahema na kupata joto. Huko hata 1.5 ni nyembamba kwa urefu huo. Ekstensheni inapaswa kuwa ya 2.5.

Aina ya ganda ilichukua muda zaidi kuliko unene. Kwa anayesoma maandishi ya ubavuni mwa kebo, 05 ni volti 300/500, 07 ni volti 450/750, V ni plastiki ya PVC, R ni mpira wa kawaida, N ni mpira wa neoprini, Q ni poliurethani, na F ya mwisho ni nyuzi laini zinazopindika. Namba iliyo kabla ya G au X ni idadi ya nyaya, na herufi G kabla ya unene inamaanisha kebo ina waya wa ardhi. X inamaanisha haina.

H05VV-F ilikuwa rahisi kupatikana, lakini hukumbuka kila mkunjo iliowahi kukunjwa, na kipindi cha baridi hukakamaa kama fimbo. H07RN-F ni ngumu kuharibika, ila mita nne za 3G1.5 zina uzito wa zaidi ya nusu kilo, na juu ya mashine ya msasa uzito huo huvuta mkono upande mmoja na kuacha pedi ikiinama. Ina tatizo jingine ambalo sikulitarajia: mpira mweusi ukiburuzwa juu ya mbao nyeupe huacha mstari wa kijivu unaoonekana vizuri zaidi baada ya vanishi. Iliyobaki ni H05BQ-F 3G1.5, yenye ganda la poliurethani, nyepesi, isiyochora mbao na isiyokatwa kirahisi na ukingo wa ubao. Niliichukua kwa kazi za mezani, na nikaweka H07RN-F moja kwa msumeno unapotumika nje.

1 Februari: Viunganishi vya kawaida havikufaa

Jaribio la kwanza lilikuwa kiunganishi kile kile kinachoingia nyuma ya kompyuta, C13 kwenye kebo na C14 kwenye mashine. Kimekadiriwa ampea 10, ni rahisi, na kinapatikana kila mahali.

Kwenye jigso kilikaa vizuri kwa muda. Kwenye msasa kilianza kurudi nyuma. Mtetemo ulikisogeza milimita mbili hivi kwa kila kipande cha kazi, bila kuchomoka kabisa, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu pini iliyoingia nusu bado inapitisha umeme lakini kwa mguso mdogo. Nilipokichomoa, pini moja ilikuwa na rangi ya kahawia kama sarafu iliyopitishwa motoni. C19, ambacho ni kikubwa zaidi na cha ampea 16, kilishika kwa nguvu zaidi lakini nacho kilirudi nyuma. Kibanio cha waya cha kukizuia kilisaidia hadi kilipojaa vumbi na kuacha kufunga sawasawa.

Hata kama kisingetoka, ningekiacha kwa sababu nyingine. Kebo za C13 za milimita za mraba 0.75 zimejaa kila chumba chenye kompyuta. Siku kebo ya karakanani ikikosekana, mtu atachukua ya kompyuta na kuichomeka kwenye msumeno, nayo itaingia bila kipingamizi chochote. Katika kazi hii kiunganishi kinachopatikana kila mahali ni kasoro.

Gharama ya hatua hii: jozi mbili za viunganishi na mita moja ya kebo, vyote vya kutupa.

15 Februari: Viunganishi vya kufunga kwa kuzungusha

Watengenezaji wa mashine wameshalitatua tatizo la mtetemo. Festool huuza mashine zake zikiwa na kebo inayochomoka, chini ya jina Plug it, ambayo huingizwa kisha huzungushwa hadi ijifunge. Mwenye mashine hizo tu hana haja ya kuendelea na shajara hii. Mimi nina mashine za asili mbalimbali, kwa hiyo nilihitaji kiunganishi kinachouzwa peke yake.

Nilichagua powerCON TRUE1 ya Neutrik, inayotumika sana kwenye taa na spika za majukwaani. Imekadiriwa ampea 16, hujifunga kwa kuzungusha, na kuna jike (lenye matundu) na dume (lenye pini) vya kufunga kwenye kebo, si kwenye paneli pekee. Anayenakili aangalie sana jina, kwa sababu powerCON ya zamani, yenye rangi ya bluu au kijivu na kiwango cha ampea 20, inafanana nayo kwa mbali lakini haikuundwa kuchomekwa wala kuchomolewa umeme ukiwa unapita. TRUE1 imeundwa kuhimili hilo. Hizo mbili haziingiliani, na hilo ni zuri.

Jike huwekwa kwenye kebo na dume kwenye mashine, kwa sababu ncha ya kebo ina umeme wakati wote plagi ikiwa ukutani, na pini zilizo wazi zenye umeme juu ya meza ya kazi ni mtego. Sentensi hii inaonekana ya kitoto, lakini nimewahi kuona ekstensheni iliyotengenezwa kinyume.

22 Februari: Mkia wa mashine

Sikufungua mpini wa mashine hata mmoja. Kebo ya asili ilikatwa na kuacha kipande kifupi, ambacho hapa ninakiita mkia, na dume likafungwa kwenye ncha yake. Kwa njia hiyo mpira wa shingoni na kibano cha ndani cha kiwandani vinabaki jinsi vilivyo. Dhamana ya mashine hupotea mara kebo inapokatwa, kwa hiyo mashine mpya ingoje muda wake.

Urefu wa mkia ndio uliosumbua. Nilianza na sentimita 30 kwa mashine zote, na kila jigso au msumeno ulipopita ukingo wa ubao, kiunganishi kilining'inia kwenye kimo kile kile cha ukingo, kikanasa. Msumeno ulionaswa katikati ya mkato hupinda njia, na kisu hubanwa. Nilikata mkia hadi sentimita 12, na kiunganishi kikakaa nyuma tu ya kiganja, juu ya ubao, mahali ambapo hakikuti kitu. Ruta haikukubali suluhisho hilo kwa sababu mikono yote miwili huizunguka na kiunganishi kiligonga kifundo cha mkono. Kwa ruta nilifanya kinyume na kuacha mkia wa sentimita 80, ambao hupanda begani ili kiunganishi kibaki mgongoni.

Tatizo la pili lilikuwa unene. Mkia wa asili ni wa nyaya mbili na ni mwembamba kuliko kebo niliyochagua, na kibano cha ndani ya kiunganishi kilipokazwa hadi mwisho bado uliteleza ukivutwa. Kuuzungushia utepe ili unenepe ni suluhisho la wiki moja. Utepe huyeyuka gundi na kuteleza. Dawa ni kununua kipande cha kibano cha kipimo kidogo. Baada ya kufunga, kila kiunganishi kilivutwa kwa mkono kwa nguvu zote, na kila kilichosogea kilifunguliwa upya.

8 Machi: Joto kwenye skrubu

Upande wa plagi ya ukutani, kebo hufungwa kwa skrubu. Kwa kebo ya kwanza ncha za nyuzi zililehemiwa ili zisisambae, kama wengi wanavyofanya. Baada ya wiki za kazi ya msumeno plagi hiyo ilikuwa na joto la kuhisiwa kwa mkono, ilhali plagi nyingine zilikuwa baridi. Skrubu ilikuwa imelegea. Lehemu ni laini, na ikikandamizwa na skrubu kwa muda mrefu hutiririka polepole na kuacha nafasi; mguso hulegea, joto hupanda, na joto hulainisha lehemu zaidi.

Ncha zilikatwa na kufungwa upya kwa mirija midogo ya shaba inayobanwa kwa koleo lake maalumu, kisha skrubu ikakazwa juu ya mrija. Tangu hapo plagi zote zina joto sawa. Koleo hilo lilikuwa kifaa pekee kipya nilicholazimika kununua, na ningelinunua mwanzoni.

Katika nchi zinazotumia plagi ya BS 1363, ile ya Kiingereza ya pini tatu bapa yenye fyuzi ndani yake, fyuzi nayo iangaliwe. Kebo iliyotoka kwenye kifaa kidogo huwa na fyuzi ya ampea 3 ambayo ruta itaiunguza, na kishawishi cha kuweka ampea 13 kwenye kebo nyembamba ni kikubwa. Fyuzi hulinda kebo, kwa hiyo hufuata unene wa kebo. Kwa 1.5, ampea 13 ni sawa.

15 Machi: Mchomo mdogo kwenye pini

Nilichomoa plagi ya msumeno ukutani, nikachomoa kebo kwenye mkia, kisha nikapima pini za dume kwa mita ya umeme. Bado zilikuwa na makumi ya volti, zikishuka polepole. Ndani ya mashine nyingi kuna kapasita ya kuzuia usumbufu wa mawimbi ya redio, na ikiwa iko kabla ya swichi, hubaki na chaji baada ya umeme kukatwa. Haitamuua mtu, lakini mshtuko mdogo kwa mkono ulio karibu na kisu si jambo la kupuuza.

Utaratibu uliokubalika ni kuzima soketi, kubonyeza kitufe cha mashine mara moja, kisha kuchomoa. Kubonyeza kitufe hupitisha chaji kwenye mota, na pia huthibitisha kwamba soketi iliyozimwa ndiyo ya mashine hiyo. Mashine zenye kidhibiti cha kasi huenda zisimwage chaji kwa njia hii, kwa hiyo hizo husubiri sekunde kadhaa. Pini za dume la TRUE1 ziko ndani ya mdomo wake, hivyo kidole hakizifikii kwa bahati mbaya.

Katika utaratibu huohuo kuna swichi za kujifunga. Mashine ya msasa ina kitufe kinachobaki kimebonyezwa, na kebo yenye umeme ikichomekwa hapo mashine huanza kuruka mezani yenyewe. Ingawa kiunganishi kinahimili kuchomekwa umeme ukiwepo, hatufanyi hivyo. Soketi ya meza ya kazi sasa ina swichi kubwa ubavuni, inayofikiwa kwa mkono bila kuinama, nyuma ya kikata-umeme cha miliampea 30, kile kinachokata umeme unapovuja.

29 Machi: Suala la waya wa ardhi

Mashine ya kunolea ilipata mkia wa nyaya tatu. Swali likawa: ikiwa siku moja atakuja mtu na kebo ya nyaya mbili yenye jike la TRUE1, akaichomeka hapo, nini kitamzuia? Hakuna. Kiunganishi kitajifunga, mashine itazunguka, na mwili wa chuma hautakuwa na ardhi.

Viwango vya kimataifa vimelifikiria jambo hili kwa uangalifu. Kebo ya C17, isiyo na waya wa ardhi, haiingii kwenye C14 kwa sababu pini ya ardhi huizuia, lakini kebo ya C13, yenye ardhi, huingia bila shida kwenye C18 isiyoihitaji. Kebo bora huingia kila mahali, na kebo pungufu hukataliwa. Kebo za Plug it za Amerika Kaskazini zimefuata wazo hilo hilo kwa unene, ambapo kebo nene huingia kwenye mashine zote na nyembamba haiingii kwenye mashine kubwa.

TRUE1 haina kizuizi cha namna hiyo, kwa hiyo kizuizi kililazimika kuwa sheria ya karakana: kebo ya nyaya mbili yenye kiunganishi hiki haitengenezwi, hata kwa dharura. Kebo zote ni 3G1.5, ziwe za msasa au za kunolea. Hii iliongeza gharama ya kebo kwa theluthi moja hivi kulinganisha na nyaya mbili, na ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote katika mradi.

12 Aprili: Utunzaji

Kebo ziko za mita 4 kwa meza, mita 7.5 kwa msumeno na kazi za nje. Kila moja ina namba kwenye ncha zote mbili, chini ya kipande cha plastiki angavu kilichonywea kwa joto, kwa sababu maandishi ya kalamu juu ya ganda hayadumu mwezi.

Hukunjwa kwa mizunguko inayopishana, mmoja wa kawaida na mmoja uliogeuzwa, ili nyuzi za ndani zisisokoteke. Hutundikwa jike likitazama chini, na mikia ya mashine huvalishwa vifuniko, kwani vumbi laini la MDF, mbao za nyuzi zilizogandamizwa, hupenya popote na likikaa kwenye mguso huwa chanzo cha joto.

Upimaji hufanywa kwa namba za kebo, na matokeo huandikwa. Waya wa ardhi wa mita 4 una ukinzani wa karibu omu 0.05, na wa mita 7.5 karibu 0.09, namba ambazo mita ya kawaida haizipimi kwa uhakika. Kinachopimika ni badiliko: kebo hupinda-pindwa shingoni huku mita ikitazamwa, na namba ikirukaruka, nyuzi zimeanza kukatika. Kebo namba 3 ilifanya hivyo sentimita tano nyuma ya jike, ilipokuwa ikining'inia kwenye ukingo wa meza. Ilikatwa hapo, ikafungwa upya, na sasa ni fupi kidogo. Kebo ya kudumu yenye tatizo hilo ingemlazimu mtu kufungua mpini.

26 Aprili: Pamoja na bomba la vumbi

Kebo moja imeunganishwa na bomba la mashine ya kunyonya vumbi kwa soksi ya kitambaa, hivyo bomba na umeme huhama pamoja kutoka mashine hadi mashine. Jaribio la kwanza lilifunga vyote kwa urefu sawa, na kila bomba lilipovutwa kebo ndiyo iliyobeba uzito. Kebo iliongezwa sentimita 30 zaidi ya bomba, na mzigo ukarudi kwenye bomba.

Soketi iliyo kwenye mashine ya kunyonya ina kikomo chake, na wati za mashine zote mbili hujumlishwa kwenye plagi moja ya ukutani. Ruta na kinyonyaji vinavumiliana. Msumeno una soketi yake.

17 Mei: Gharama na kilichobaki

Viunganishi vilichukua zaidi ya nusu ya fedha zote. Dume huongezeka kwa kila mashine na jike kwa kila kebo, kwa hiyo anayetaka kupunguza apunguze kebo. Tatu zinatosha mtu mmoja. Kazi ya kufunga mkia mmoja, pamoja na kuupima, hula karibu saa moja mwanzoni na nusu yake baadaye.

Msumeno wa meza hautaguswa. Hauhami, kebo yake haisumbuki, na swichi yake hujizima umeme unapokatika, kwa hiyo kiunganishi kingeongeza mguso mmoja wa kuchakaa bila faida. Drili bado haijakatwa kebo kwa sababu dhamana yake haijaisha. Kinachofuata ni kupima joto la kila jike baada ya kupasua mbao ngumu mfululizo kwa msumeno, kipimo ambacho kitaandikwa hapa kikikamilika.